Kuzuia mtoto njiti: kazi ya mkunga inaanza lini hasa?

mkunga_wa_ziwa

Wanajukwaa salaam.

Juzi kulikuwa na uzi hapa wa dada aliyejifungua mimba ikiwa ya miezi saba, wachangiaji mkagawanyika. Wengine mkasema wakunga walizembea siku ile. Wengine mkasema mimba ikishaamua kutoka imeamua, hakuna wa kuizuia. Mimi ni muuguzi mkunga, nipo kituo cha afya huku Kanda ya Ziwa, na naona nyote mliongelea siku moja tu, ile ya uchungu. Siku hiyo tunachoweza kufanya ni kidogo, na hicho kidogo chenyewe kinategemea mambo yaliyotakiwa kufanyika miezi kadhaa nyuma, wakati tumbo hata jirani hajaliona. Ndiyo maana nimekaa chini kuandika. Ni ndefu, mwenye haraka apite.

Tuwekane sawa kwanza. Mimba kamili ni wiki 40, ukihesabu toka siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho. Anayezaliwa kabla ya wiki 37 kutimia ni njiti. Aliyezaliwa wiki ya 35 na aliyezaliwa wiki ya 27 wote tunawaita njiti, ila mapambano yao hayafanani hata kidogo. Shirika la Afya Duniani linakadiria mwaka 2020 walizaliwa njiti milioni 13.4 duniani, zaidi ya mtoto 1 kati ya kila 10.

Uchungu wa mapema mara nyingi hauna sababu moja ya kunyooshewa kidole. Mama anaweza kufanya kila kitu sawasawa na bado akajifungua wiki ya 32, kwa hiyo tuache ile tabia ya kumuuliza "ulibeba nini kizito?". Lakini katika sababu zinazojulikana, nyingi zinapita mikononi mwa mkunga wa kliniki: malaria, maambukizi ya njia ya mkojo, kaswende, upungufu wa damu, presha, mimba zinazofuatana karibu karibu, binti kubeba mimba mwili wake haujamaliza kukua.

Naanza na jambo ambalo watu hawalioni kama ni tiba: TAREHE.

Mama akija wiki ya 10 au 11, bado anakumbuka siku zake. Nachukua siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho, naongeza siku 7 na miezi 9, napata tarehe ya matarajio, naiandika kwenye kadi. Kama kuna ultrasaundi, ikipigwa kabla ya wiki ya 24 inatusaidia sana kuhakiki. Mama akija tumbo likiwa la miezi saba, akaniambia hedhi ya mwisho aliiona "wakati wa kuvuna mahindi", au alikuwa ananyonyesha na hakuona kitu kabisa, nabaki na utepe wa kupimia kimo cha tumbo. Utepe unasaidia, lakini mapacha wanaudanganya, maji mengi yanaudanganya, mtoto aliyedumaa tumboni anaudanganya. Ultrasaundi ya miezi hiyo nayo inaweza kukosea kwa wiki kadhaa.

Sasa mama huyo akija usiku na uchungu, mimi nasimama pale nikijiuliza: huyu ni wa wiki 33 nimpe rufaa haraka, au ni wa wiki 38 mwenye tumbo dogo, azalie hapa hapa? Swali hilo lilitakiwa kujibiwa Machi, mimi nalijibu Agosti saa nane usiku.

Naendelea chini, posti inakuwa ndefu.

mkunga_wa_ziwa

MALARIA. Huku kwetu hili ndilo jambo la kwanza. Vimelea vinajificha kwenye kondo la nyuma, vinabana chakula cha mtoto, na mama anaweza asiwe na homa hata siku moja. Anakwambia "mimi sina malaria, najisikia mzima". Kwa hiyo tunapima hudhurio la kwanza hata kama mama anacheka, tunampa chandarua chenye dawa, na kuanzia wiki ya 13 tunampa SP, dawa ya kukinga malaria, vidonge vitatu kwa mpigo, anameza mbele yangu. Dozi zinapishana angalau mwezi mmoja na lengo ni zisipungue tatu. Sababu ya kumezea mbele yangu mnaijua. Kuna wataalamu wa kuweka kidonge chini ya ulimi.

Mambo mawili ambayo wengi hawaambiwi. Anayetumia septrini kila siku kwa sababu ya VVU hapewi SP. Na vile vidonge vya asidi ya foliki vya miligramu 5 vinavyouzwa duka la dawa vinapunguza nguvu ya SP. Vya kliniki vilivyochanganywa na madini chuma vina miligramu 0.4, hivyo havina shida. Ukiwa umenunua vya kwako, vilete tuvione.

MKOJO. Hapa mjini kila maumivu ya kiuno siku hizi yanaitwa UTI, na upande mwingine wale wenye bakteria kweli kweli hawahisi chochote. Katika ujauzito mirija ya mkojo inalegea, bakteria wanapanda taratibu hadi kwenye figo, homa inapanda, uchungu unaanza. Ndiyo maana tunaomba mkojo hata kama hulalamiki. Kijiti cha kupimia mkojo kikionyesha shida unatibiwa, unamaliza dozi yote, siyo unaacha siku ya tatu kwa kuwa umepata nafuu. Nikiri pia kwamba vijiti huisha vituoni, na hapo mkunga anabaki kuuliza maswali. Ukiona hukupimwa mkojo, dai.

KASWENDE. Tone moja la damu, kipimo kimoja kinasoma VVU na kaswende pamoja. Ikikutwa, sindano ya penisilini. Mume asipotibiwa naye, umechota maji kwa pakacha.

DAMU. Vidonge vya kuongeza damu visinywewe na chai, chai inazuia madini chuma yasiingie mwilini. Minyoo inatibiwa baada ya miezi mitatu ya kwanza. Na nyie wa udongo, najua mnanisoma. Siwagombezi. Kutamani udongo mara nyingi kunakwenda na upungufu wa damu, kwa hiyo niambie tu nikupime, usifiche mfuko.

PRESHA. Kifafa cha mimba kinaleta njiti kwa njia mbili: mtoto anashindwa kukua, au sisi wenyewe tunalazimika kumtoa mapema ili mama asife. Mwenye historia ya kifafa cha mimba, presha ya siku zote, kisukari, mapacha, huyo anapaswa kuonwa mapema na daktari aanzishiwe aspirini ya dozi ndogo. Ikianzishwa kabla ya wiki ya 20 ndiyo ina maana zaidi. Kulikuwa na utafiti mkubwa, matokeo yake yakatoka 2020, wanawake karibu 12,000 wenye mimba ya kwanza katika nchi 6, Kenya na Kongo zikiwemo. Waliopewa miligramu 81 za aspirini kila siku walijifungua kabla ya wakati asilimia 11.6, wasiopewa asilimia 13.1. Tofauti inaonekana ndogo, lakini kidonge chenyewe ni cha bei ya pipi. MSIJIANZISHIE lakini. Kuna ambao haiwafai.

Mnaona mchezo ulivyo? Karibu yote haya yanamtaka mama aje mapema. Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani mwaka 2016 lilitoka kwenye mahudhurio manne likaweka manane, la kwanza lisivuke wiki ya 12. Kwetu Tanzania utafiti wa kitaifa wa 2022 ulikuta asilimia 65 ya wajawazito ndio waliofikisha mahudhurio manne au zaidi. Manne, siyo manane.

Maswali karibuni.

Kisiki cha Mpingo

Nimekaa pale na kahawa. Uzi wa maana siku nyingi sijaona.

dada_wa_Makorora

Mkunga asante, lakini useme na upande wa pili. Mimi mimba ya kwanza niliwahi, wiki ya 9 nipo kliniki. Nikaambiwa nirudi na mume. Mume yuko safarini, dereva wa malori. Nikaambiwa basi kalete barua ya serikali ya mtaa. Mwenyekiti naye hayupo, mara mhuri haupo. Nilianza kliniki wiki ya 19. Halafu mnaandika kwenye kadi "amechelewa kuhudhuria".

Mama Kulwa na Doto

Hapo umenena dada. Na ukienda bila mume unasimangwa mbele ya foleni nzima.

mkunga_wa_ziwa

@dada_wa_Makorora hili halina utetezi. Kumhimiza mwenza aje ni jambo zuri, apime na yeye, asikie dalili za hatari, ajue kwamba pesa ya usafiri inatakiwa iwepo. Kumrudisha mama nyumbani kwa sababu kaja peke yake ni jambo jingine. Wiki kumi ulizopoteza ndizo tungepima kaswende, tungeandika tarehe yako, tungeanza SP. Mimi anayekuja peke yake namhudumia, mume nampigia simu au namwandikia kikaratasi cha mwaliko. Mkikutana na kigingi hicho, ombeni kuonana na mganga mfawidhi wa kituo. Ni haki yenu.

Na kwa kuwa tumefika hapo, niseme na lile la kuficha mimba. Kwetu mimba changa haitangazwi, kijicho kinaogopwa, na mwanamke aliyewahi kupoteza mimba ndiye anayeficha zaidi. Naelewa, hata mama yangu alinilea hivyo. Lakini huyo aliyewahi kupoteza ndiye ninayemhitaji mapema kuliko wote, kwa sababu aliyewahi kujifungua njiti ana uwezekano mkubwa zaidi wa kupata mwingine. Kliniki hatuna mbiu. Njoo na khanga pana, hakuna atakayejua.

Mwananzengo halisi

Sawa mkunga, umeandika vizuri kama malaika. Sasa tuambie lugha zenu zile. "Ulipokuwa unafurahia ulituita?" Mke wangu aliambiwa hivyo na muuguzi kwenye kituo kimoja, hakurudi tena mpaka siku ya kujifungua. Mnataka tuwahi kliniki kufuata matusi?

Nesi Mstaafu

Mwanangu Mwananzengo, mimi nimefanya kazi hiyo tangu enzi za sare nyeupe na kofia. Lugha hizo zilikuwepo na bado zipo, na ni aibu yetu. Muuguzi mmoja, wajawazito sitini asubuhi moja, mshahara umechelewa, hayo yote ni kweli na hayampi ruhusa ya kumtukana mtu.

Lakini niwaambie kitu ambacho vijana hawakisemi. Zamani kule kijijini nilikuwa peke yangu zahanati nzima. Ubaya wake mnaujua. Uzuri wake ni kwamba kila tumbo la kijiji kile nililijua. Nilijua fulani presha hupanda mwezi wa saba, fulani mume anampiga, fulani anakunywa dawa za miti shamba kwa bibi yake. Akichelewa hudhurio namtuma mtoto wa shule akamuite. Leo mama anahudhuria mara tano anakutana na wauguzi watano. Nani atagundua kwamba uso wake umevimba kuliko mwezi uliopita?

mkunga_wa_ziwa

Shikamoo Nesi Mstaafu. Umesema lile ambalo nilikuwa nalitafutia nafasi.

Kuna kitu kinaitwa huduma endelevu ya mkunga: mama anakuwa na mkunga yuleyule, au kikundi kidogo cha wakunga anaowajua, toka kliniki ya kwanza mpaka baada ya kujifungua. Profesa Jane Sandall wa King's College London na wenzake walikusanya tafiti 15 zenye wanawake zaidi ya 17,000, wakachapisha mwaka 2016: waliohudumiwa hivyo walikuwa na uwezekano pungufu kwa asilimia 24 wa kujifungua kabla ya wiki 37. Asilimia 24 bila dawa mpya wala mashine! Nisiwe mchuuzi wa habari njema tu lakini. Tafiti hizo zilifanyika nchi tajiri, Australia, Kanada, Ireland na Uingereza, na mapitio mapya ya 2024 yamekuwa na tahadhari zaidi kwenye hilo la njiti. Kwa nini ilisaidia, wenyewe hawana jibu la mkato.

Jibu langu mimi, la kibarazani, ni hili. Mama hamwambii mgeni kwamba anatokwa majimaji. Anasema "naendelea vizuri" na anaondoka. Mara ya tatu akikukuta wewe yuleyule, uliyemuuliza habari za mwanaye wa kwanza, ndipo anafunga mlango anakwambia "dada, kuna kitu". Hicho "kuna kitu" mara nyingi ndicho chenyewe.

@Mwananzengo, kwa hiyo matusi kwa mjamzito mimi siyaiti suala la adabu tu. Yule aliyemtukana mkeo alimfungia mlango wa SP, wa kipimo cha mkojo na wa presha kwa sentensi moja. Mpe pole mkeo.

Kituoni kwetu hatuna wakunga wa kutosha kumpa kila mama wa kwake. Tulichofanya ni kugawana vitongoji. Wajawazito wa vitongoji fulani siku yao ni Jumanne na wanakutana na mimi, wa vingine Alhamisi na mwenzangu. Haikuhitaji fedha, ilihitaji ratiba ya zamu kuchorwa upya na ubishi kidogo na mfawidhi.

mtu_wa_Pangani

Swali. Bibi yangu alikuwa mkunga wa jadi na kauli yake ilikuwa mtoto wa miezi saba anaishi, wa miezi minane hakai. Hii ina ukweli wowote kitaalamu?

mkunga_wa_ziwa

Haina, na ni hatari. Kila wiki anayokaa tumboni inamuongezea uhai: mapafu, ubongo, mafuta ya kumpa joto, uwezo wa kunyonya. Wa miezi minane yuko mbele ya wa saba kila mahali. Hatari ya kauli ya bibi ni kwamba nimeona familia zinamkatia tamaa wa miezi minane, na nimesikia wanaotaka uchungu "uharakishwe" mimba isije ikaingia wa nane. Miti shamba ya kuongeza uchungu ina nguvu, inaweza kubana mji wa mimba mpaka ukapasuka.

Bibi apewe heshima zake lakini. Wakunga wa jadi huku tunafanya nao kazi, wao ndio wanajua mimba ya siri ya kitongoji kizima. Akimleta binti kliniki wiki ya 10, amefanya zaidi kuliko mimi.

Baba Kijacho

Mkunga naomba usinicheke. Mke ana miezi sita. Je, lile tendo linaweza kuleta uchungu mapema? Kuna mtu wa kanisani kamwambia aache mpaka ajifungue.

Kisiki cha Mpingo

😂😂 Huyu ndiye aliyekuwa anasubiri uzi huu toka asubuhi.

mkunga_wa_ziwa

Swali zuri, wanaocheka nao wanataka jibu. Kwa mimba isiyo na shida hakuna ushahidi kwamba tendo la ndoa linaleta njiti. Mnaacha kama kuna damu, kama chupa imepasuka, kama kondo limetangulia mbele ya mtoto, kama mlango wa kizazi umeonekana mfupi, au mkunga wenu amewaambia. Magonjwa ya zinaa ndiyo yenye shida, kwa hiyo baba utulie nyumbani.

Na wale wanaoambiwa "lala kitandani miezi mitatu usinyanyuke": kulala hakujathibitika kuzuia njiti, na damu ikikaa bila kutembea inaganda miguuni. Kupunguza ndoo za maji, magunia na kusimama kutwa nzima, sawa. Kufungiwa chumbani, hapana. Jiko la kuni ndani ya chumba kisicho na dirisha nalo lisogezeni nje, moshi ule hauna jema kwa mtoto.

mama_Ebeneza

Naomba nishuhudie. Nilipoteza mimba mbili, zote miezi mitano, bila maumivu ya maana. Unasikia uzito chini, unaenda chooni, basi. Ndugu walishasema ya kusema. Mimba ya tatu mkunga mmoja wa makamo ndiye aliniuliza swali ambalo hakuna aliyewahi kuniuliza: "mimba zilitokaje, uchungu ulianza au maji yalianza?" Nikamweleza. Akaandika rufaa palepale, sikuwa nimefika wiki ya 12. Nikaenda kupimwa mlango wa kizazi, nikashonwa, na nikaendelea na kliniki kwake. Ebeneza yuko darasa la pili.

Mama Kulwa na Doto

Machozi yamenitoka. Mungu amtunze mkunga huyo.

mkunga_wa_ziwa

Asante kwa ushuhuda mama Ebeneza. Wakunga wenzangu mnaosoma, lile swali la "zilitokaje" lichukueni. Kadi yetu ina kisanduku cha mimba zilizoharibika na tunaandika namba tu: 2. Namba haikuambii kwamba mlango wa kizazi ulikuwa unafunguka kimya kimya. Kushona anashona daktari, lakini anayempeleka mama kwa daktari kwa wakati ni mkunga aliyeuliza. Wengine wenye mlango mfupi wanapewa homoni ya projesteroni ya kuweka ukeni. Hiyo ni ya daktari na kipimo, siyo ya kuagiza kwa rafiki.

Atieno wa Siaya

Hamjambo majirani. Mimi nilijifungulia huku Kenya, nilianza kuumwa wiki thelathini na moja. Nilidungwa sindano nne, moja kila masaa kumi na mawili, wakasema ni za mapafu ya mtoto. Nashangaa, kama zipo sindano hizo, si kila mama angedungwa tu?

mkunga_wa_ziwa

Karibu Atieno. Hizo ni deksamethasoni, miligramu 6 kwa kila sindano, na swali lako linanirudisha kwenye ile tarehe niliyoanza nayo.

Kulikuwa na utafiti uliofanyika vijijini katika nchi 6, Kenya na Zambia zikiwemo, matokeo yakatoka 2015. Wazo lilikuwa kama lako: sindano zisambazwe kila mahali. Pale ambapo wiki hazijulikani, walitumia utepe wa rangi kupima tumbo na kukisia. Kilichotokea ni kwamba sindano ziliwafikia wengi ambao mimba zao hazikuwa changa, maambukizi kwa akina mama yakaongezeka, na vifo vya watoto kwa jumla vikapanda badala ya kushuka. Wataalamu wakashtuka.

Kisha ukaja mwingine, 2020, Kenya ikiwemo tena pamoja na Bangladesh, India, Nigeria na Pakistani. Safari hii hospitalini, umri wa mimba umehakikishwa kwa ultrasaundi, wiki 26 hadi 33, na uwezo wa kumtunza njiti upo. Vifo vya watoto wachanga vikashuka toka asilimia 23.5 hadi 19.6. Dawa ileile, tofauti ni kujua tarehe na mahali pa kuchomea. Kwa hiyo mimi nikikutuma hospitali badala ya kukuchoma hapa kituoni, sikufukuzi.

Na hapo ndipo dalili za hatari zinapokuja. Tumbo kukaza na kuachia kwa mpangilio kabla ya wiki 37, kiuno kuuma kwa kuja na kupotea, uzito chini kama mtoto anasukuma, majimaji hata kidogo, damu, kichwa kikali na macho kuona giza, mtoto kupunguza kucheza. Usisubiri kuche. Chupa ikipasuka mapema kuna antibaiotiki maalumu, uchungu unaweza kutulizwa kwa dawa ili sindano zipate muda wa kufanya kazi, na kabla ya wiki ya 32 kuna magnesiamu ya kulinda ubongo wa mtoto. Vyote vina saa zake. Tanzania namba ya m-mama, huduma ya usafiri wa dharura kwa wajawazito, ni 115, bure, wanatafuta gari la wagonjwa au dereva wa karibu aliyesajiliwa. Mtoto anasafiri vizuri zaidi akiwa ndani ya tumbo kuliko ndani ya khanga.

Nesi Mstaafu

Na akishazaliwa, kifuani kwa mama, ngozi kwa ngozi. Enzi zetu tulisubiri kwanza "atengemae" ndipo tumfunge kangaroo.

mkunga_wa_ziwa

Kweli Nesi. Muhimbili ilikuwa miongoni mwa hospitali tano zilizojaribu kumweka kangaroo mara tu baada ya kuzaliwa, hata kabla hajatengemaa, kwa watoto wa kilo 1 hadi chini kidogo ya 1.8. Matokeo ya 2021: vifo asilimia 12, dhidi ya 15.7 kwa waliosubiriwa watengemae kwanza. Ila hilo lina uzi wake, hapa tubaki na kuzuia.

Jingine ambalo sikuligusa, na hili ni la wenye bima nzuri. Kuna njiti wanaotengenezwa na kalenda. Mtu anataka apasuliwe tarehe fulani, ya kuzaliwa baba yake au kabla daktari hajaenda likizo, na tarehe ya matarajio ilikosewa wiki tatu. Mtoto anatolewa wiki ya 36 akihangaika kupumua. Kama hakuna sababu ya kitabibu, upasuaji wa kupanga usubiri wiki ya 39. Mkunga aliyeandika tarehe yako mapema ana haki ya kumwambia daktari "hapana, bado", na daktari mwema atamsikiliza.

dada_wa_Makorora

Mimba ya pili nafikiria kuanza mwakani, mtoto ana mwaka na nusu. Nisubiri kiasi gani?

mkunga_wa_ziwa

Ushauri wa Shirika la Afya Duniani ni angalau miezi 24 toka ujifungue salama ndipo ushike mimba nyingine, na angalau miezi 6 kama ile iliharibika. Miezi sita iliyobaki itumie: pima damu, presha, kaswende wewe na dereva wako akirudi. Njia ya uzazi wa mpango unayo?

dada_wa_Makorora

Ninayo, kijiti. Barikiwa.

Baba Kijacho

Mkunga la mwisho. Sio la mke wangu, ni mdogo wangu, anaogopa kuuliza. Hedhi yake ya mwisho ilianza tarehe 10 Juni. Kliniki hajaenda, anasema bado mapema.

mkunga_wa_ziwa

10 Juni, ongeza siku 7 na miezi 9: matarajio 17 Machi. Wiki 12 zinatimia 2 Septemba, kwa hiyo hudhurio la kwanza lisivuke hapo. SP ya kwanza kuanzia 9 Septemba. Wiki 37 zinatimia 24 Februari, uchungu wowote kabla ya hapo asisubiri, apige 115. Mwambie aende Jumatatu asubuhi na mapema, awe amekunywa maji aweze kutoa mkojo, na abebe vidonge vyovyote anavyokunywa. Akiulizwa mume yuko wapi, aseme ametumwa na mkunga.